Kuunda injini ya mvuke ya EAR (East African Railways) kwa vitofali vya LEGO na iende yenyewe kwa mota: mwongozo kamili

Wadau wa Kisumu, Nakuru, Muhoroni, Londiani na kote kule reli imepita, hii ni yenu. Ukitafuta namna ya kuunda injini ya mvuke kwa vitofali utapata za Uingereza na Ujerumani hadi uchoke, na ni nzuri sana, lakini sisi pia tuna zetu. Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mwaka wa 1901, na injini za mvuke zimepanda ule mlima wa Mau miaka na miaka, kwa hivyo sioni sababu mtoto wa Kibos aunde treni ya London kabla hajaunda ya kwao.

Kitu kimoja nataka ushike kabla hujanunua hata kipande kimoja: injini ya mvuke lazima ivute kwa magurudumu yake makubwa. Watu wengi huweka mota kwenye tenda, ile behewa ya nyuma ya maji na mafuta, afu tenda inasukuma injini na magurudumu makubwa yanazungushwa tu na reli. Ni rahisi na inaenda, lakini ukiangalia kwa karibu unaona zile fito za pembeni zinazounganisha magurudumu zinaburutwa badala ya kufanya kazi. Mimi nasema mota ikae ndani ya injini, izungushe ekseli, fito zigawe nguvu kwa magurudumu yote 8. Kila hatua hapa chini imepangwa kufuata hilo.

Injini gani

Moyo wa wengi unakimbilia Garratt ya class 59, ile dude iliyojengwa na Beyer Peacock kule Manchester miaka ya 1950 na ikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Namba 5918, Mount Gelai, iko Nairobi Railway Museum hadi leo. Ni injini ya heshima lakini kwa mtu anayeanza usiiguse, ina seti mbili za magurudumu ya kuvuta, moja mbele na moja nyuma, maana yake mota mbili, gia mara mbili, na kila shida unaipata mara mbili.

Chukua class 29. Imejengwa Glasgow na North British Locomotive Company, magurudumu 2 madogo mbele, 8 makubwa ya kuvuta, 2 madogo nyuma, alafu tenda. Hizi zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki na moja, 2921 Masai of Kenya, pia iko hapo museum. Hiyo ndo faida kubwa, unaweza kwenda ukaizunguka na simu. Piga picha ya upande mzima ukiwa umesimama mbali uwezavyo ndio isipinde, piga ya mbele, ya nyuma, afu zile za karibu: silinda, fito, ngazi, mabomba yanayopita juu ya boila. Mwombe mtu asimame kando ya gurudumu kwenye picha moja, hiyo itakusaidia kukadiria vipimo.

Kila kitu kinaanza na gurudumu

Usianze na boila hata kama ndo inaonekana tamu. Boila unaweza kuiunda saizi yoyote, gurudumu huwezi, linakuja na saizi ya kiwandani. Gurudumu kubwa la treni la LEGO, lile lilitoka na seti ya Emerald Night mwaka wa 2009, lina kipenyo cha kama milimita 30 bila ukingo, ule mdomo wa ndani unaolizuia lisitoke kwenye reli. La class 29 ya kweli ni milimita 1,219. Gawanya, unapata kama 1 kwa 40. Hiyo ndo skeli yako, na mwili ukiufanya upana wa vinundu 8 (vinundu ni vile vijivimbe vya juu ya kitofali, kimoja hadi kingine ni milimita 8, kwa hivyo ni milimita 64) utakaa vizuri juu ya hayo magurudumu. Reli za LEGO zina upana wa karibu milimita 38 ndani, zetu za zamani ni mita moja, kwa hiyo reli itaonekana pana kuliko ya kweli. Achana na hilo, hakuna atakayelisumbukia treni ikipita.

Kati ya ekseli na ekseli weka nafasi 5 (nafasi moja ni sawa na kinundu kimoja). Ukiweka 4 ni milimita 32, kingo za magurudumu zitagongana. Ekseli ya kwanza hadi ya nne basi ni nafasi 15, yaani milimita 120, na hapo ndo kona inaanza kukusumbua. Kona ya kawaida ya LEGO ina nusu kipenyo cha vinundu 40, milimita 320. Kwa urefu huo wa milimita 120 magurudumu ya katikati yanakaa kama milimita 5 nje ya mstari wa reli. Yakiwa na ukingo treni itapanda juu ya reli na kuanguka, hakuna maombi. Kwa hivyo ekseli ya 1 na ya 4 zivae magurudumu yenye ukingo, ya 2 na ya 3 zivae yale yasiyo na ukingo, LEGO waliyatengeneza yote mawili. Ukiweza kupata kona pana zaidi, kuna watengenezaji huru wanauza za vinundu 104, ule mkengeuko unashuka hadi karibu milimita 2 na injini inapita laini kabisa.

Mpango na vipande

Pakua Studio, programu ya bure ya BrickLink (soko la mtandaoni la vipande vya LEGO), uchore kwanza kwa kompyuta. Hata laptop ya zamani inaibeba kama huweki mapicha ya kifahari. Faida yake ni mbili: inakuonyesha vipande vinagongana wapi, na ukimaliza inakutolea orodha ya kununua ikiwa na rangi na idadi. Usishangae orodha ikifika vipande 1,200 na zaidi.

Sasa kununua. Vitofali vya kawaida, vile vya kujaza ndani ya boila ambavyo hakuna mtu ataona, usiagize ng'ambo. Zunguka Kibuye Jumapili kwa wale wa toi za mtumba, vitofali huwa vimechanganywa na magari yaliyovunjika na vidoli, unanunua kwa fungu, nyumbani unavilowesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maji ya moto sana hapana yanavipinda. Nakuru pia mtumba wa toi upo, uliza tu. Chukua chochote kinachoshika vizuri, hata kama si LEGO, mradi kikibanwa na cha LEGO hakilegei wala hakihitaji nyundo. Pesa yako itunze kwa vitu vitatu ambavyo havina mbadala: magurudumu, mota na hubu yake (kile kiboksi cha betri kinachopokea amri za remoti), na gia. Hivyo agiza BrickLink kwa muuzaji mmoja au wawili tu, kwa sababu ukigawa kwa wauzaji sita utalipa usafirishaji mara sita, na uweke akiba ya ushuru kabla mzigo haujafika.

Rangi ni ule wekundu wa kuiva wa EAR, LEGO wana nyekundu-giza inayokaribia sana. Chesisi, kifua cha boila cha mbele na chimni ni nyeusi. Kama nyekundu-giza inakushinda bei, unda injini yote nyeusi na uache ubavu wa chumba cha dereva na tenda tu ziwe nyekundu, bado itapendeza.

Chesisi na gia

Hapa ndo utakaa sana na ndo panafaa ukae. Jenga mihimili miwili mirefu ya vitofali vya Technic vyenye matundu, upande wa kulia na wa kushoto, ekseli zipite katikati. Ifunge kwa vibamba (vile vipande bapa vyembamba) juu. Kabla ya gia yoyote vaa magurudumu, weka chesisi juu ya reli, isukume kwa kidole kimoja. Inatakiwa iteleze na iendelee kidogo ukiachilia. Ikisimama papo hapo kuna gurudumu limebanwa kwenye mhimili, livute nje kwa unene wa kucha. Usiendelee kabla hili halijakaa sawa, maana baadaye utalaumu mota bure.

Mota tumia L ya Powered Up, mfumo wa mota wa LEGO (namba 88013). Ilaze kwa urefu kwenye sehemu ya tanuru, pale nyuma ya boila mbele ya dereva, juu ya ekseli ya 4, shafti ikitazama mbele. Shafti yake iwe nafasi 3 juu ya usawa wa ekseli. Toa nguvu kwa gia ya meno 24 na uishushe kwa nyingine ya meno 24 chini yake, hizo mbili zinakaa nafasi 3 kamili kati kwa kati. Ile ya chini inabeba shafti fupi inayoenda mbele na mwishoni ina gia ya koni ya meno 12, inauma gia ya koni ya meno 20 iliyovaliwa na ekseli ya 3. Ekseli ya 3 ndo tunaendesha kwa gia, zingine zitaendeshwa na fito.

Piga hesabu uone mwendo. Tuseme mota ikiwa na mzigo inazunguka mara 300 kwa dakika. Kwa 12 kwa 20 gurudumu linazunguka mara 180. Mzunguko wa gurudumu ni kama milimita 94, kwa hiyo ni karibu mita 17 kwa dakika. Zidisha kwa 40 ya skeli, unapata kilomita 40 hivi kwa saa, mwendo wa treni ya mizigo inayojikaza, na ndo unaotaka. Injini ya mvuke ya vitofali ikikimbia kama gari la mashindano inaharibu kila kitu ulichounda, macho hayapati nafasi ya kuona fito zikifanya kazi.

Zile gia mbili za koni zibane kwa pande zote mbili. Shafti ikiwa na nafasi ya kusogea mbele na nyuma, mzigo ukiingia gia zinasukumana, zinaruka meno na utasikia *krrr*. Weka bushi (zile pete ndogo zinazovaliwa na ekseli) kila mahali panapobaki pengo, na zungusha kitofali cha Technic pande zote za ile kona ya gia iwe kama kiboksi.

Fito za pembeni

Magurudumu yana shimo la pini pembeni ya katikati. Fito za kuunganisha unaziunda kwa vibapa vyembamba vya Technic vya matundu 6, tundu la kwanza hadi la mwisho ni nafasi 5, sawa na ekseli zako. Vitatu vinapishana kwenye pini: cha kwanza na cha tatu vikae ndani, cha pili nje.

Sasa sikiza vizuri. Upande wa kulia na wa kushoto zisiwe sawa. Pini za kulia zikiwa juu kabisa, za kushoto ziwe mbele au nyuma, yaani tofauti ya nyuzi 90. Injini za kweli zenye silinda mbili zimepangwa hivyo hivyo, kwa sababu pini ikiwa kwenye mstari mmoja na fito hakuna nguvu ya kuzungusha, pistoni inasukuma tu ekseli moja kwa moja, kwa hiyo upande mmoja ukiwa umekwama mwingine uko mahali pazuri pa kusukuma. Kwako ni muhimu zaidi maana ekseli 3 kati ya 4 zinategemea fito peke yake. Shimo la ekseli ya Technic lina umbo la msalaba, kwa hivyo kupata nyuzi 90 ni kuchomoa gurudumu, kuligeuza robo, kulirudisha. Magurudumu yote ya upande mmoja lazima yatazame mahali pamoja, hata moja likipotoka fito zitakaza na mota italia.

Konrodi, yaani ule mkono mkubwa unaotoka kwenye pistoni, unashika pini ya ekseli ya 3 kwa nje. Pistoni ni ekseli ya Technic inayoingia na kutoka ndani ya silinda ya tofali la duara lenye tundu. Iache ilegee, tena ilegee sana, silinda ni ya macho tu na ikibana inakula nguvu yako yote. Zile fito ndogo za valvu juu yake, mtindo wa Walschaerts, weka mbili au tatu nyembamba zinazotikisika na konrodi. Kuziunda zote zifanye kazi kamili kwa skeli hii zinakuwa nene kuliko boila, haifai.

Jaribu sasa kabla ya kufunika. Unganisha mota, weka spidi ya chini kabisa, angalia mzunguko mmoja mzima polepole. Ikisita mahali palepale kila mzunguko ni fito. Ikisita ovyo ovyo ni gia.

Magurudumu madogo ya mbele na nyuma yakae kwenye vigari vyao vinavyozunguka kwa pini moja na viwe na nafasi ya kwenda kushoto na kulia. Visibebe uzito. Uzito wote tunautaka kwa yale 8.

Boila

Hapa kuna hesabu moja ndogo ambayo ukiijua kila kitu cha duara kinawezekana: vibamba 5 vikipangwa juu kwa juu ni milimita 16, na vinundu 2 kwa upana pia ni milimita 16. Kwa hiyo ukiweka kiini cha upana wa vinundu 4 na kimo cha matofali 3 na kibamba 1 (hiyo ni sawa na vibamba 10) unapata mraba kamili wa milimita 32 kwa 32. Kwenye kiini tumia vile vitofali vyenye vinundu vya ubavuni, ili pande zote nne ziwe na vinundu vinavyotazama nje. Upande wa chini unatumia vibano vya pembe. Afu kila upande bandika vipande vya kupinda, viwili viwili vikipeana mgongo, mteremko ukielekea kwenye kona. Kona nne zinakutana na boila inakuwa duara ya kama milimita 45. Ukiipitisha kidole hausikii kinundu hata kimoja.

Ndani ya kiini cha mbele, pale ambapo hakuna mota, jaza chochote kizito. Vipande vya chuma kutoka kwa fundi wa jua kali, nati kubwa, vimefungwa kwa karatasi visigonge. Kwa juu ya ekseli ya 2 na ya 3 hasa. Bila uzito magurudumu yatazunguka mahali pamoja na mabehewa hayatasonga. Kama magurudumu yako yana mfereji, vaa pete za raba kwa ekseli moja tu, zikiwa nyingi kona inakuwa nzito.

Chimni angalia picha zako. Injini nyingi za EAR zilifungwa ile chimni bapa ya Giesl, ndefu kwa mbele na nyuma na nyembamba kwa ubavu, na hiyo ndo inazipa sura yao. Bahati nzuri ni rahisi, vibamba vya 1 kwa 3 vikipangwa juu kwa juu vinatosha. Kuba za boila, taa kubwa ya mbele, ngazi za pembeni, reli za kushikilia: hapo jiachie, ukifuata picha huwezi kosea. Bamba la namba lichapishe kwa saiba kwa stika ya plastiki. Jina ukipenda weka la jamii yako, si ndo desturi ya class yenyewe.

Tenda, hubu na remoti

Hubu ya Powered Up (88009) inabeba betri ndogo 6 za AAA, na inaingia ndani ya tenda. Kifuniko cha tenda kiwe cha kunyanyuka kwa mkono mmoja, kwa sababu utabadilisha betri sana na kitufe cha kuwasha kiko hapo. Betri za kuchaji zina volti 1.2 kila moja, jumla 7.2 badala ya 9, injini itapungua mbio kidogo lakini mfuko utashukuru. Waya wa mota upitishe chini ya sakafu ya dereva hadi kwenye tenda na uache ulegee kidogo, ukivutika kwenye kona utainua magurudumu ya nyuma ya injini na hutajua kwa nini inaanguka. Mlango wa pili wa hubu weka taa.

Remoti (88010) inatosha kwa kuanza. Lakini kama unajua kuandika programu hata kidogo, weka Pybricks kwenye hubu, programu inayokuruhusu kuiandikia hubu amri zako mwenyewe, ni ya bure. Mota L ina kihisi cha mzunguko ndani, kwa hiyo unaweza kuiambia hubu ishike mwendo uleule hata treni ikipanda, na iondoke polepole badala ya kuruka kama imeshtuliwa. Treni nzito ikiondoka polepole hivyo, fito zikianza kuzunguka pamoja, utajua kwa nini nimekusumbua na mambo ya ekseli.

Mlima

Ukitaka kuipima jenga mlima wa Mau mezani. Kipande cha reli iliyonyooka ni vinundu 16, milimita 128. Ukiongeza kibamba kimoja chini ya kila kipande kinachofuata unapata mwinuko wa asilimia 2.5, huo ni mkali kwa treni yoyote. Anza na behewa mbili, ongeza moja moja. Magurudumu yakiteleza huku mota inazunguka, ongeza uzito juu ya ekseli za katikati. Mota ikisimama huku magurudumu yameshika, umezidisha mabehewa au kuna gia imekaza. Toa mabehewa kwanza, ikibaki hivyo fungua tanuru. Usiishike injini kwa mkono mota ikiwa imewashwa, ekseli za plastiki zinapinda na ikishapinda moja tu fito hazitakaa sawa tena hadi uibadilishe.

Duara zima la kona za kawaida ni vipande 16 na linahitaji meza ya zaidi ya sentimita 70 kila upande, kwa hiyo pima meza kabla hujaagiza reli. Kama huitumii kwa muda toa betri, zikivuja ndani ya hubu ndo imekwisha, na ifunike kwa kitambaa maana vumbi linaingia kwenye matundu ya ekseli na kuzisugua. Vitu vidogo kama pini na bushi viwe mbali na watoto wa chini ya miaka 3.